Mwanga Uliotangulia

Mara ya kumi na moja gunia likaanguka, na mara ya kumi na moja kamera ikapiga picha ya hewa.

Inspekta Elmina Nyabate alikitazama kioo kidogo cha nyuma ya kamera kwa hasira ya mtu aliyetukanwa. Ukingo wa saruji ulikuwepo. Nguzo ya mizani ilikuwepo. Mashamba ya chai ng'ambo ya barabara yalikuwepo, kijani tupu mpaka kwenye ukungu. Gunia la mchanga, ambalo ndilo lililokuwa linapigwa picha, halikuwepo. Lilikuwa limeshatua mtaroni, mita tatu chini, kabla kamera haijakubali kufanya kazi yake.

"Rudisha," akasema.

"Madam," Sajini Kipchoge alijibu kutoka mtaroni, "mimi nimebakisha miezi saba nistaafu. Nilikuwa nataka nifike."

"Rudisha gunia, Sajini. Ni saa nne unusu."

Saa nane mchana Mathew Chepyegon, karani wa mizani wa kituo hiki cha kupokea majani ya chai cha Chemaluk, alitakiwa kusimama mbele ya hakimu mjini Kericho na kusomewa shtaka la kuua. Faili lilikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari la polisi, limefungwa kwa uzi. Nyabate ndiye aliyelifunga. Ndani mlikuwa na picha moja iliyochapishwa, na picha hiyohiyo ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za watu kuanzia Kiptere mpaka Sotik. Hakukuwa na mtu ambaye hakuwa ameiona, na hakukuwa na aliyeiona ambaye hakuwa ameshatoa hukumu.

Ilimwonyesha Mzee Hezekiah, mkulima wa miaka sitini na minane, amesimama ukingoni mwa jukwaa la mizani. Mwili wake ulikuwa umeinama nyuma, visigino bado viko kwenye saruji, mdomo wazi, macho yamefumbwa. Pembeni yake alikuwa Mathew, mikono yote miwili imenyooshwa kuelekea kifua cha mzee, vidole vimetanuka. Baada ya hapo mzee alianguka mtaroni, kichwa kikagonga jiwe, na alikata roho kabla gari halijapatikana. Hiyo ilikuwa Jumanne, saa tisa, mvua ikinyesha.

Shahidi alikuwa mmoja tu. Mvua ilipoanza wakulima wengine walikimbia kujikinga dukani ng'ambo ya barabara. Waliobaki jukwaani walikuwa Mathew, mzee, na Jairus, mpiga picha aliyekuja kupiga picha za kadi mpya za wakulima. Maelezo ya Jairus yalikuwa mafupi: alikuwa amemaliza kazi, amepumzika kando ya mizani, akaona Mathew anamsukuma mzee, akainua kamera akapiga palepale.

Hilo neno palepale ndilo lililomharibia Nyabate jioni yake ya jana. Alikuwa amempa Kipchoge kamera ahakikishe inafanya kazi kabla haijaandikwa kama kielelezo, na Kipchoge akaenda kumpiga picha kuku aliyekuwa anakatiza uwanja wa kituo cha polisi. Alirudi na picha tatu za uwanja. Kuku hakuwemo hata katika moja.

"Hii bicha inatoka baadaye," alisema wakati ule. Kipchoge ni mtu wa Kipkelion, na tangu azaliwe hajawahi kutamka picha bila kuifanya bicha. "Unabonyeza leo, inapiga kesho."

Nyabate aliwapigia wataalamu wa Nairobi. Walimwambia watume kamera kwa barua rasmi, majibu yatachukua wiki sita. Aliwauliza kama mtu anaweza kukaa rumande wiki sita kwa sababu ya kuku. Hawakuelewa swali, na yeye hakuwa na nguvu za kulieleza.

Kwa hiyo sasa alikuwa hapa, juu ya jukwaa, mbele ya wakulima kama ishirini waliotakiwa kuwa mashambani wakichuma na ambao badala yake walikuwa wameegemea vikapu vyao wakitoa ushauri.

"Mwambie aachilie polepole!" mmoja akapaza sauti.

"Gunia haiwezi kuanguka polepole, mzee," Nyabate alimjibu bila kugeuka.

"Ungetumia simu yangu ungekuwa umemaliza!"

Katikati yao, juu ya kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani, alikaa Rodah, mjane wa Hezekiah. Alikuwa amefika saa mbili asubuhi. Alikuwa amemwuliza Nyabate swali moja mara tatu, kwa sauti ileile, akiwa ameshikilia mkoba wake magotini: Mathew atanyongwa lini? Mara ya tatu Nyabate alitamani kumwambia kwamba mahakama haifanyi kazi namna hiyo. Alishindwa, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa kwamba hajui tena kama amemkamata mtu anayestahili, na hilo huwezi kumwambia mjane kabla ya mazishi.

Gunia lilivutwa kwa kamba, likafika juu. Kipchoge akapanda nyuma yake akihema.

"Ya kumi na mbili," akasema. "Nikihesabu tatu naachilia."

"Usihesabu. Jairus hakuhesabiwa na mtu. Achilia wakati wowote, mimi nikiona linaenda ndiyo nabonyeza."

Aliachilia. Nyabate akabonyeza. Kamera ikawaza. Gunia likatua kwa kishindo, na baada ya kishindo, baada kabisa, taa ya kamera ikawaka na picha ikapigwa. Hewa.

"Mungu wangu," alisema Nyabate, na haikuwa sala.

Alikaa juu ya kreti. Kamera ilikuwa kitu kidogo cha rangi ya fedha, imefungwa kwa mpira upande wa betri, na tarehe yake ilisema ni mwezi wa kwanza mwaka 2008, kwa sababu kila betri zikitolewa ilijisahau. Ile sehemu ya kuvuta picha karibu au mbali ilikuwa imeganda. Ukibonyeza inakwaruza tu. Ilikula betri mbili kila baada ya picha kumi na tano. Alikuwa ameshanunua jozi mbili dukani, na hakujua angeandika nini kwenye fomu ya kudai gharama.

"Sajini, una ile saa yako?"

Kipchoge aliwahi kukimbia mita elfu tano katika timu ya polisi, zamani, kabla ya kitambi, na saa yake ya mazoezi ilikuwa bado inaning'inia kwenye funguo zake. Aliitoa kwa heshima. Ilikuwa inahesabu mpaka sehemu ndogo za sekunde.

"Ishike hivi. Upande kidogo, mwanga usifute namba. Ikifika kumi kamili, nabonyeza. Tutaona picha imeandika nini."

Walifanya mara tano. Picha ya kwanza ilionyesha kumi na moja na nukta tatu. Ya pili, kumi na moja na nukta nne. Ya tatu vilevile. Ya nne vilevile. Ya tano ilikuwa nukta tano, betri zikianza kuchoka.

"Sekunde moja na karibu nusu," Nyabate akasema, akiandika kwenye daftari. "Na gunia linachukua muda gani kufika chini?"

Walilipima gunia pia, mara tatu. Halikufikisha sekunde moja hata mara moja.

Kipchoge alitazama namba zile, akatazama ukingo. Aliwahi kusimama kwenye mistari ya kuanzia mbio mara nyingi kuliko alivyosimama gwaride, na uso wake ulibadilika.

"Madam, mtu husikia bunduki kwanza ndiyo anatoka. Huyu Jairus ametoka kabla ya bunduki."

"Ama kuna njia ya mkato ambayo hatuijui. Mlete."

Jairus aliletwa kutoka dukani, ambako konstebo alikuwa amekaa naye tangu asubuhi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, koti la mvua la manjano, viatu vilivyopigwa rangi vizuri kuliko vya polisi wote pale. Alikataa kutazama mtaroni.

"Jairus, kwa nini unatumia hii takataka? Si una simu?"

"Madam, watu hawakubali picha ya simu. Wanasema simu hata wao wanazo. Wakiona kamera na flashi, wanajua hii ni kazi."

"Inachelewa sekunde moja na nusu."

Alilisema kama mtu anayetaja bei ya sukuma wiki.

"Inachelewanga kidogo," Jairus akakiri. "Lakini ukibonyeza nusu kwanza, inakuwa haraka. Unabonyeza nusu, inajipanga, halafu unamalizia. Mimi nilikuwa nimebonyeza nusu."

"Ulikuwa umepumzika, umebonyeza nusu?"

"Mazoea, Madam."

Wakajaribu kwa kubonyeza nusu. Mara tano tena, saa ya Kipchoge ikikimbia, wakulima sasa wakihesabu kwa sauti kama wako uwanjani. Kuchelewa kulipungua mpaka sekunde moja kasoro kidogo. Wakaangusha gunia. Nyabate alikuwa na kitufe nusu chini, jicho kwenye gunia, kidole kimekakamaa. Ukiongeza muda wa jicho kukiambia kidole, picha bado ilitoka na ukingo mtupu.

"Basi ilikuwa kwa ile ya mfululizo," Jairus alisema haraka, safari hii bila kuulizwa. "Kuna mahali unaweka, inapiga pap, pap, pap. Moja ikamshika."

"Kwa nini hukusema hivyo kwenye maelezo?"

"Nilisahau. Kulikuwa na mshtuko, Madam."

Nyabate alitaka kumtupia kamera. Badala yake alilizungusha gurudumu dogo la juu ya kamera mpaka alama ya mfululizo na kukishikilia kitufe. Kamera ikapiga, ikasubiri zaidi ya sekunde, ikapiga tena, ikasubiri. Pap haikuwepo. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo alilirudia mara tatu ili awe na uhakika: ukiweka mfululizo, flashi haiwaki kabisa. Inakataa.

Akaichukua picha iliyochapishwa. Matone ya mvua yalionekana meupe hewani, kila moja limewaka. Vifungo vya koti la Mathew vilikuwa vinang'aa.

"Hii ni flashi, Jairus?"

Alichelewa kujibu kuliko kamera yake.

"Ni flashi."

"Basi haikuwa mfululizo. Na kwenye memori kadi picha zinafuatana kwa namba. Hii ni mia mbili thelathini na mbili, na inayoifuata ni ya Sajini, ya uwanja wa kuku. Mfululizo gani wa picha moja?"

Jairus alisema labda kamera ilikuwa nzuri zaidi siku ile, kabla haijalowa. Nyabate alifumba macho akahesabu mpaka tano. Alijua hakimu atasikia sentensi hiyohiyo kutoka kwa wakili yeyote mwenye akili nusu: siku ile ilikuwa nzuri zaidi. Sekunde na magunia havikutosha kumtoa mtu rumande, na havikutosha kumweka. Alikuwa ameharibu asubuhi nzima, ameharibu mgongo wa Kipchoge, na ilikuwa saa sita kasorobo.

"Shika saa, nipige nyingine," akamwambia Kipchoge kwa kuchoka tu. "Kwa flashi. Nataka ziwe kumi."

Kipchoge aliishika saa karibu na uso, taa ikawaka, akakunja macho.

"Hii kitu inapiga macho mara mbili," alilalamika. "Kwanza inapiga kidogo, halafu inapiga kubwa. Hiyo ya kwanza ndiyo mbaya. Inakufumbisha macho."

"Ni ya kuzuia macho mekundu," Jairus alisema, akitazama viatu vyake. "Inatangulia kidogo. Hiyo huwa siizimi, kwa sababu picha za kadi hazitakiwi kuwa na macho mekundu."

Nyabate alisimama.

Alishuka ngazi, akavuka matope mpaka kwenye gari, akafungua faili na kuukata uzi alioufunga mwenyewe. Maelezo ya Mathew yalikuwa ukurasa wa nne. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyaandika jana jioni, kwa mkono, Mathew akiwa mbele yake na jicho moja limevimba kwa kipigo cha wanakijiji. Aliyasoma yakiwa na maneno ya Mathew vilevile.

*Tulikuwa tumegombana asubuhi juu ya majani yake, nilikataa kilo kumi, yalikuwa magumu. Nilimwambia ataona siku moja, nilimaanisha kiwanda watamkatalia yote. Mchana akaleta mengine mazuri tukapatana. Akaambia huyu wa picha ampige ya kadi. Mwanga ukatangulia mdogo, mzee akafumba macho, akakanyaga nyuma, nikanyoosha mikono nimshike. Sikumfikia. Halafu mwanga mkubwa ukaja.*

Pembeni mwa mstari wa mwanga kulikuwa na maneno mawili kwa kalamu nyekundu: *haina maana*. Mwandiko ulikuwa wake.

Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mtu alikuwa amemwambia saa ya kifo kwa usahihi kuliko saa ya Kipchoge, na yeye akamsahihisha kama mtoto wa shule. Mathew hajawahi kushika ile kamera. Hakuwa na sababu ya kubuni taa inayopiga mara mbili, ya kwanza kabla mzee hajaanguka, isipokuwa aliiona. Na kamera haiwashi taa ya kwanza mpaka mtu abonyeze kitufe.

Kwa hiyo Jairus alibonyeza kabla. Mzee akiwa amesimama imara, Jairus alibonyeza. Mtu hampigi picha mkulima aliyesimama tu kwenye mvua, isipokuwa mkulima huyo amejipanga apigwe. Kilichobaki ni Jairus kusema hivyo kwa mdomo wake, na kwa mdomo wake alikuwa ameshasema uongo wa aina tatu tangu chai ya saa nne.

Alirudi jukwaani akitembea polepole. Alipompita Kipchoge alimnong'oneza, "Kaa karibu na mimi. Karibu sana."

Halafu akampa Jairus kamera.

"Sajini hajui kupiga, mimi sijui kupiga. Nipige wewe. Picha ya kadi, vile unapigia watu. Nataka kuona mkono wako unavyofanya kazi."

"Wapi, Madam?"

"Wewe ndiye fundi."

Jairus alisita. Lakini kamera ilikuwa mkononi, na mikono yake ilijua kazi kuliko kichwa. Alijipanga mgongo ukigusa nguzo ya mizani, mahali pekee pakavu chini ya bati, akainua kamera, akafunga jicho moja. Nyabate alisimama mbele yake, hatua tatu kutoka ukingoni. Kwa lenzi ile iliyoganda ikivuta karibu, uso wake peke yake lazima ulikuwa umejaa picha nzima. Nyuma ya Jairus kulikuwa na nguzo. Hakuwa na mahali pa kurudi. Nyabate aliliona hilo.

"Kofia toa, Madam. Kidevu juu. Hapana, si hivyo, kama unaangalia mtu unampenda."

Wakulima wakacheka. Jairus naye akatabasamu kidogo. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa laini, sauti ya kazi.

"Uko karibu sana. Rudi nyuma kidogo."

Nyabate akarudi hatua moja.

"Kidogo tena."

Akarudi.

"Kidogo tena, mabega yaingie. Hapo hapo. Sasa cheka. Fungua mdomo, cheka kabisa. Moja, mbili..."

Akabonyeza kwenye mbili. Mwanga mdogo ukampiga Nyabate machoni. Alikuwa ameutarajia, alikuwa amejiambia atasimama kama mti, na hata hivyo macho yakajifunga yenyewe na kisigino kikatafuta nyuma na kukuta ukingo unaishia. Alimsikia Kipchoge akiguna, mwanga mkubwa ukawaka, halafu mikono miwili ikamdaka kwa koti, na mtu mmoja kati ya wakulima akapiga kelele.

Alipofungua macho alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, ameshikwa na Kipchoge. Jairus alikuwa bado na kamera usoni. Mdomo wake ulikuwa bado umeumba neno tatu ambalo halikutoka.

"Unabonyezanga kwa mbili," Nyabate alisema.

"Ili itoke kwa tatu," Jairus akajibu, bila sauti. "Watu wanajipanga kwa tatu."

"Na unawaambia warudi nyuma."

"Lenzi imeganda, Madam. Mimi siwezi kurudi, kuna nguzo. Lazima wao." Aliishusha kamera. "Nilipiga watu thelathini na moja hapo Jumanne. Thelathini na moja, hakuna aliyeanguka."

"Kulikuwa kukavu."

"Kulikuwa kukavu," alikubali. Akaanza kulia kwa aibu, bila kujificha. "Si mimi niliyeanza kusema alisukumwa. Haki ya Mungu si mimi. Watu walikuja mbio wakaniuliza nini imefanyika, nikashindwa kuongea, nikawaonyesha kioo tu. Wakasema, ni Mathew! Ona, ni Mathew amesukuma! Wao ndio walisema. Na mimi nikaona... nikaona afadhali."

"Afadhali kwa nani?"

Nyabate alikuwa na hasira ya kutosha watu watatu, na theluthi yake nzuri ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Aliichukua kamera kutoka mikononi mwa Jairus, akafungua picha ya mwisho, aone angalau kama mateso yote haya yameacha kielelezo kinachofaa.

Akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akampa Kipchoge.

Picha ilimwonyesha Inspekta Nyabate ukingoni mwa jukwaa. Mwili ulikuwa umeinama nyuma, visigino viko kwenye saruji, mdomo wazi, macho yamefumbwa. Pembeni yake alikuwa Sajini Kipchoge, mikono yote miwili imenyooshwa kuelekea kifua chake, vidole vimetanuka. Uso wa Kipchoge, kwa hofu, ulikuwa umekunjamana vibaya sana.

"Yesu," Kipchoge alisema. "Mimi ni muuaji kabisa."

"Ungefungwa maisha, Sajini."

Kivuli kilianguka juu ya kioo. Rodah alikuwa amepanda ngazi, hakuna aliyemwona, mkoba wake umebanwa kwapani. Alinyoosha mkono, akapewa kamera. Akaomba na ile nyingine, iliyochapishwa, akapewa. Aliziweka pamoja, moja juu ya kiganja hiki, nyingine juu ya kile.

"Huyu anakushika," alisema, akigusa picha ya Kipchoge.

"Ndiyo, mama. Ananishika."

Rodah alihamisha macho. Alikitazama kinywa cha mume wake kilicho wazi, ambacho kwa siku mbili nchi nzima ilikuwa imekiita kilio, naye pia alikuwa amekiita hivyo.

"Alikuwa ameambiwa acheke," alisema.

Jairus alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Nyabate alitazama saa yake: saa sita na dakika ishirini. Akatoa simu, akampigia konstebo wa rumande, akamwambia Mathew Chepyegon asipandishwe gari la mahakama, na kama ameshapanda ashushwe, na kwamba yeye mwenyewe anakuja na faili jingine kabisa. Konstebo alianza kuuliza maswali. Nyabate akamwambia ayaandike kwa barua rasmi, majibu yatachukua wiki sita.

Alipokata simu, Rodah alikuwa bado amesimama pale na picha mbili mikononi. Nyabate alijiandaa kwa lile swali, mara ya nne. Mjane alimrudishia kamera taratibu.

"Huyo Mathew," akauliza, "amekula leo?"